Kula, Gari Ninalo

Sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Wali ulikuwa umechotwa kidogo upande mmoja, mahali kijiko kilipoingia mara mbili kwa ajili ya heshima tu, na samaki alikuwa hajaguswa hata mkia. Fundi aliifunika sahani, akajifuta mikono, akasimama mlangoni kumtazama mumewe. Dereva alikuwa tayari yuko uani, anatembea kutoka kwenye bomba mpaka kwenye geti, na kutoka kwenye geti mpaka kwenye bomba.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama. Chakula kizuri."

Uongo huo ulisemwa katika nyumba ile asubuhi, mchana na jioni tangu siku Dereva aliporudi kutoka kazini kwa mara ya mwisho, begi la nguo mkono huu, blanketi lake la kwenye lori mkono ule. Alisema kampuni imempumzisha. Umri umefika, na macho nayo si yale ya ujanani. Majirani wakampa pole na hongera kwa pumzi moja. Mkewe alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Tangu aolewe alikuwa mke wa mtu wa barabarani, anampata vipande vipande, leo kipande hiki, mwezi ujao kile. Sasa angempata mzima. Akamnunulia kiti kikubwa chenye mto, akakiweka mahali pa heshima, ndani kabisa kwenye kichwa cha meza, mgongo ukielekea mlangoni ili mwanga usimsumbue hayo macho yake. Mfalme hakuwahi kuwekewa kiti kwa mapenzi zaidi ya hayo. Lakini mfalme alikaa, akameza matonge mawili, akageuza shingo kutazama nyuma, akainuka.

Fundi alishona nguo za watu kwa riziki yake, na mtu anayeshika tepu kila siku hadanganyiki na maneno. Suruali ya kijivu ya mumewe aliipunguza kiuno mara ya kwanza akajiambia ni kitambaa kimelegea. Mara ya pili hakupata cha kujiambia. Mara ya tatu alifanya kazi ile akiwa amefunga mlango wa chumba, kwa sababu machozi hayana adabu, hudondoka hata mbele ya wateja.

Daktari alipima damu, kifua na tumbo, hakuona ugonjwa. Mzee huyu hali, alisema, na akizidi kushuka kilo itabidi alazwe na kulishwa kwa mpira puani. Aliyasema hayo mlango ukiwa wazi, kwa sauti ya kuita namba za foleni. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakamtazama Fundi kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, kama wanavyotazamwa wake wanaonyima. Yeye! Yeye ambaye miaka yote, mume akiwa safarini, alikuwa anampigia simu saa ya chakula kumuuliza umekula, umekula nini, umekaa au unakimbia? Kaa ule kama mtu. Mtaa mzima ulizijua simu zile na ulizicheka.

Na mtaa ukishacheka huwa hauishii hapo. Mteja mmoja aliyekuja kujaribu gauni alijigeuza mbele ya kioo, akasema taratibu, kana kwamba anauliza bei ya vifungo, kwamba mwanamume wa barabara hana jiko moja. "Shoga yangu, tumbo lina mazoea. Huenda kuna chungu huko njiani kinamlilia." Fundi alikuwa na pini mdomoni, akaendelea kukunja pindo. Lakini neno lilikwisha kuingia, na neno likiingia sikioni halina mlango wa kutokea.

Akaamua kwenda kukitafuta chungu hicho.

*

Ndugu mdogo wa Fundi alikuwa akiuza viti na meza za plastiki kwa migahawa ya kando ya barabara kuu. Waliomjua walimwita Taratibu, kwa sababu hata baiskeli zilikuwa zikilipita pikapu lake kwenye mlima. Hakupenda kubeba jamaa, alidai jamaa wana mzigo mwingi kuliko bidhaa. Dada yake alimwambia anataka kwenda naye, yeye na shemeji yake, safari yote. Alipouliza wanakwenda kufanya nini, aliambiwa wanakwenda kula.

Dereva ndiye aliyekataa.

"Nikafanye nini barabarani bila lori?"

"Ukanionyeshe unapokulaga," alisema mkewe. "Chakula changu hukitaki. Basi nikaonje unachokitaka."

"Sijasema sikitaki."

"Sahani inasema."

Dereva akageuka akaelekea getini. Ukweli ni kwamba miguu yake ilikuwa inaidai barabara. Ile njia ya bombani na getini haikuitosha. Akamuuliza shemeji yake mwisho wa safari ni wapi. Taratibu akasema mwisho ni kwa yule bwana wa mgahawa wa mapazia, kwenye mji ule wa njia panda. Dereva akaangalia kwingine, akasema mbali kote huko hapana haja, watageuka kabla. Fundi alikuwa anakunja kitambaa, lakini masikio yake hayakuwa yamekunjwa. Akapaweka moyoni mahali hapo.

Waliondoka jua likiwa bado halijapata ukali. Ndani ya pikapu walikaa watatu, Fundi katikati, magoti yamebanana na gia, na nyuma viti vyekundu vimepandana hadi juu ya paa. Dereva aliketi upande wa abiria kwa mara ya kwanza katika umri wake wa utu uzima, na haikumkaa vizuri. Kila kona mguu wake ulikanyaga sakafu.

"Shemeji," Taratibu alisema, "hiyo breki unayoitafuta ipo huku kwangu."

"Basi itumie. Kuna gari linatoka pale."

"Nimeliona."

"Umeliona lini? Mimi nililiona tukiwa kule mlimani."

Fundi alicheka, na mumewe naye akacheka, kidogo. Lakini kucheka hakukumtuliza. Kila mara alijipinda kutazama nyuma kupitia kioo, akahesabu kamba kwa macho, akarudi mbele, halafu hata kabla hawajapita kijiji akajipinda tena. Taratibu alimwambia viti vimefungwa, na kiti cha plastiki hakiwezi kuruka chenyewe kikatoroka. Dereva akasema anajua. Akajipinda tena.

*

Mgahawa wa kwanza ulikuwa jirani na mizani ya malori. Ulikuwa ukumbi wa mabati wenye meza ndefu na moshi wa kutosha kukausha samaki, na malori yalijipanga nje yakisubiri zamu ya kupimwa. Mwenyewe, mwanamke mpana mwenye sauti pana, aliitwa Mama Mizani, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuwa na jina jingine.

"Wima!" aliita kutoka jikoni. "Wima amefufuka!"

Fundi akageuka kumtafuta huyo Wima. Ukumbini watu kadhaa walikuwa wameinua mikono, na mumewe alikuwa amesimama pale mlangoni anatabasamu, tabasamu ambalo nyumbani lilikwisha kusahaulika. Ndipo akafahamu kwamba mume wake alikuwa na jina ambalo yeye hakuwahi kuambiwa. Lilimchoma kuliko alivyotazamia.

"Na huyu dada mmemwokota wapi?" Mama Mizani aliuliza kwa furaha. "Abiria?"

Madereva wawili wakachekea ndani ya supu zao.

"Abiria wa siku nyingi," Fundi alijibu. "Nilipanda nikiwa msichana, na sijashuka. Mimi ni mkewe."

Mama Mizani alishika mdomo. Akafuta kiti kwa kitambaa, halafu akakifuta tena, akaleta wali na maharage na kipande cha nyama ambacho hakuna aliyekiagiza. Sahani nyingine hakuipeleka mezani. Aliipeleka mlangoni akamkabidhi Dereva mkononi, na hakumwambia karibu kiti.

"Hamkaribishi akae?" Fundi aliuliza.

"Wima? Akae?" Mama Mizani akaonyesha nguzo ya mlango. Katikati yake palikuwa na sehemu nyeusi inayong'aa kwa kusuguliwa, kimo cha bega la mtu. "Ile rangi ya bega lake. Anaegemea pale, sahani mkononi, macho kwenye lori. Ndiyo maana tukamwita Wima. Tangu nimjue sijaona magoti yake yakikunjwa."

"Nyumbani anakaa. Nimemnunulia kiti."

"Haya," alisema Mama Mizani, na akamtazama kwa huruma ambayo Fundi hakuiomba. "Na anakula?"

Fundi akajaza mdomo wali ili asijibu. Maharage yalikuwa na mafuta mengi na vitunguu havikuiva. Ya kwake yalikuwa bora mara mbili, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulifurahi kwa kiburi. Kisha akaangalia mlangoni. Dereva alikuwa ameegemea mahali pake, kijiko hewani. Mbele yake yalikuwa malori ya watu na pikapu la viti vyekundu. Kijana mmoja wa lori la saruji akapita akamtania bila ubaya wowote: "Wima, siku hizi unalinda viti?" Watu wakacheka, na Dereva akacheka pamoja nao. Halafu akaiweka sahani juu ya kidirisha, akatoka kwenda kukagua tairi ambazo hazikuwa zake.

Sahani ile ilirudi jikoni kama ilivyokuja. Hapo hofu ikamshika Fundi sawasawa. Alikuwa amejiandaa kumwona mumewe akila chakula cha mwanamke mwingine kwa uroho. Alikwisha hata kuchagua maneno ya kusema. Kwamba hatakula kabisa, popote, kwa mpishi yeyote, hilo hakuliandalia maneno.

*

Mbele, baada ya daraja, palikuwa na kibanda cha chai cha mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Mzee Chai. Viti vyake vilikuwa vimevunjika migongo, naye akanunua viwili baada ya kubishana na Taratibu kwa muda ambao wengine wangefunga ndoa. Dereva hakuteremka. Alisema hana kiu.

Fundi alikaa na kikombe chake akiangalia barabara. Lori moja liliegeshwa, na wakashuka watu wawili, lakini aliyekuja kibandani alikuwa mmoja. Akala mayai na mkate, akanawa, akarudi kwenye lori akimwambia mwenzake jambo fupi. Mwenzake, aliyekuwa ameegemea tairi, akaja akiwa amelegea mabega yote, akajitupa kitini kama mtoto aliyeachiwa kutoka shule.

"Kamwambia nini?" Fundi aliuliza.

"Kamwambia, 'Kula, gari ninalo,'" alisema Mzee Chai. "Ndiyo sheria yao. Mzigo ni wa mtu, na wezi wa barabara hii wana subira. Hata dereva awe anakufa kwa njaa, hakai kula mpaka asikie neno hilo. Sasa yule mumeo kampuni yake ilikuwa bahili, haikumpa utingo. Nani angemwambia? Ndiyo akawa anakula wima." Akamimina chai, akaongeza kwa upole, "Mpe pole sana, mama. Kwa yaliyompata."

"Yapi?"

Mzee Chai aliangalia kwenye pikapu, akamwangalia mwanamke, akaelewa kwamba ametia mguu pasipo na daraja. Chai ikafika ukingoni mwa kikombe, ikapita, ikamwagika juu ya meza.

"Ya kustaafu," alisema. "Kustaafu si mchezo."

Fundi aliacha chai yake mezani, akarudi garini. Dereva alikuwa amekwisha kuamua: wageuze, jua linapanda, dada mtu amechoka. Taratibu akasema viti vya bwana wa mapazia vimelipiwa nusu, hawezi kugeuka navyo. Basi Dereva akaomba ateremshwe pale pale, atawasubiri.

"Hapa huteremki," mkewe alisema. "Unaogopa nini huko mbele?"

"Siogopi kitu."

"Kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Nakuuliza wewe. Chungu cha mizani si hicho, chai si hiyo. Kimebaki kimoja, na hicho ndicho unachokikimbia."

Taratibu akatazama mbele kwa bidii, mikono yote miwili kwenye usukani. Kati ya dada na shemeji mwenye akili anakuwa kiziwi. Dereva akashika kitasa cha mlango, akakiachia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hakuna mwanamke, mama. Laiti angekuwepo." Hilo laiti ndilo lililomvuruga Fundi kabisa. Mume gani humwambia mkewe hivyo? Njia nzima ule mguu wa Dereva ulikanyaga sakafu hata mahali ambapo barabara ilikuwa imenyooka.

*

Mgahawa wa mapazia ulikuwa na vigae, feni, na maandishi ukutani yaliyosema vyombo havitoki nje. Mwenyewe alivaa tai nyembamba na alitembea kwa kunyata kama mtu anayelinda usingizi wa mgonjwa. Fundi aliingia ameinua kidevu, anatafuta mwanamke. Wahudumu wote walikuwa wanaume, na mpishi, aliyechungulia kutoka jikoni, alikuwa na ndevu.

Taratibu na wahudumu walianza kuingiza viti. Bwana wa mapazia alisimama dirishani akivihesabu, na ghafla akaacha kuhesabu.

"Yule mzee aliyebaki kwenye gari," alisema. "Si ndiye wa lile lori la mafuta ya kupikia?"

"Unamfahamu?"

"Nani hapa asiyemfahamu? Polisi walikuja mpaka jikoni kwangu." Alidhani anazungumza na mteja, au mshirika wa muuza viti, hakuuliza, na Fundi hakumsaidia. "Mzee mzuri. Alikuwa anapita hapa kila safari, anakula amesimama pale mlangoni, mimi sipendi, kunaharibu sura ya mahali, lakini mzoefu ni mzoefu. Siku hiyo simu yake ikalia. Akasikiliza, akacheka, akaniambia, 'Mke wangu anasema leo lazima nikae nile kama mtu.' Nikampa meza nzuri kuliko zote, ile ya ndani kule ukutani, yenye kiti cha mto. Simu akaiweka sikioni muda wote, maana bibi huyo hakutaka kukata mpaka asikie amemaliza. Aliimaliza sahani. Alifurahi, unajua? Alikula kama mtu yuko kwake. Alipotoka, pale nje palikuwa na doa la oili tu."

Feni ilizunguka. Fundi alisikia mlio wake wote, mzunguko baada ya mzunguko.

Aliikumbuka siku hiyo. Redio ilikuwa imesema watu wanaokula kwa haraka wanapata vidonda vya tumbo, na yeye akaichukua simu hapo hapo. Umekaa? Nimekaa, mama, kiti kina mto. Alifurahi mpaka akaanza kumsimulia habari za gauni la harusi ambalo zipu yake ilikataa kufunga, na bibi harusi analia, na mama yake bibi harusi anailaumu cherehani. Alisimulia mwanzo mpaka mwisho. Alimsikia akitafuna, na sauti ile ilikuwa tamu kwake. Baadaye aliwaambia majirani: leo amenitii, amekaa chini akala. Wakati ule ule, nje ya mapazia, mtu mwenye subira alikuwa anapanda kwenye lori.

"Likapatikana?" aliuliza.

"Tupu. Porini. Kampuni ikasema walikula njama, yeye na wezi. Walimweka ndani siku kadhaa, wakamtoa kwa kukosa ushahidi, na kazi ndiyo ikaishia hapo. Mtu hajawahi kukaa maisha yake yote, siku anakaa ndiyo lori linaondoka, nani atamwamini?" Bwana wa mapazia akatikisa kichwa. "Na yule mkewe sijui kama anajua."

"Anajua," alisema Fundi.

*

Dereva alikuwa ameteremka. Alisimama kando ya pikapu, mkono mmoja juu ya viti vilivyobaki, na alipomwona mkewe anakuja alijua kutokana na mwendo wake kwamba ameshaambiwa. Akauondoa mkono kwenye viti. Hakupata pa kuuweka.

Fundi alikuja na hasira. Ni kweli alikuwa na huruma na aibu na maumivu, lakini hasira ndiyo iliyotangulia mlangoni.

"Umewekwa ndani, mimi nashona, nadhani simu yako imeisha chaji. Unaitwa mwizi, mimi nakununulia kiti. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" alisema. "Kwamba nilikaa?"

Fundi akashika ukingo wa pikapu.

"Ulinipigia kwa mapenzi, mama. Ningeanzaje kukurudishia mapenzi yako na mwizi ndani yake?" Alitazama chini, akafukua mchanga kwa ncha ya kiatu. "Nilifikiri litapita. Nitakula tu, chakula ni chakula. Lakini nikikaa, nasikia kitu kinaondoka nyuma yangu. Nasikia kabisa, na injini yake. Nageuka, ni ukuta. Nikisimama nako najiona mjinga, nasimamia nini? Sina hata toroli."

"Nimekupunguzia suruali mara tatu."

"Najua. Nilikuona umefunga mlango."

Hapo Fundi akalia, barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu wa njia panda, na hakujali. Dereva alisogea, akasimama kati yake na barabara ili wapita njia waone mgongo wake badala ya machozi ya mkewe. Alikuwa hodari wa kukinga kitu kwa kusimama. Ndiyo kazi aliyoijua.

Alipokwisha kulia, Fundi alijipangusa kwa kiganja, akageuka, akarudi kwenye mapazia. Akaagiza wali, nyama na mboga, akasema anavitoa nje. Bwana wa mapazia akamwonyesha maandishi ukutani. Fundi akasema ameyasoma. Bwana akasema sahani zikitoka nje hazirudi, na tena hapendi watu kula wamesimama mbele ya biashara yake, wageni watafikiri ndani hamna nafasi. Ingekuwa siku nyingine Fundi angekufa kwa haya. Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi wake wa kazi, ule mzito alioununua kwa mshahara wake wa kwanza na ambao hata binti yake haruhusiwi kuugusa, akauweka mezani mbele ya watu wote waliokuwa wanakula.

"Huu ni wa thamani kuliko sahani zako zote na mapazia juu yake. Ukae nao. Sahani ikirudi, nipe mkasi wangu."

Watu wakaacha kutafuna. Bwana wa mapazia akautazama mkasi, akamtazama mwanamke, na polepole ikamjia alikuwa anazungumza na nani muda wote. Akaenda mwenyewe jikoni kuipakua ile sahani, na nyama hakuibania. Mkasi akamrudishia. Fundi akaukataa, akasema makubaliano ni makubaliano.

Alimkabidhi Dereva sahani mkononi kama alivyofanya Mama Mizani. Kisha akavuta kiti kimoja chekundu kutoka juu ya pikapu, kiti kipya chenye nailoni bado, akakiweka chini kando ya gurudumu la nyuma. Dereva akadhani ni chake, uso ukambadilika. Lakini aliyekaa alikuwa mkewe. Alikaa ameelekea barabarani, mkoba magotini, mgongo ukiwa kwa mumewe.

"Kula," alisema. "Gari ninalo mimi."

Taratibu alitoka ndani na risiti mkononi, akafungua mdomo kuuliza kwa nini bidhaa yake imekaliwa, akaona jinsi dada yake alivyokaa, akarudi ndani.

Miaka yote ya ndoa yao Fundi alikuwa anamtazama mumewe akila. Alimtazama mezani, alimtazama kwa simu, alihesabu matonge, alisukuma bakuli, alisema ongeza. Sasa shingo yake yote ilitaka kugeuka. Akaikaza. Akaangalia gurudumu, akaangalia kamba, akaangalia vijana wawili waliokuwa wamesimama karibu na pikapu bila shughuli inayoeleweka, na akawakodolea macho mpaka wakaona aibu wakaondoka. Malori yalipita, moja baada ya jingine. Vumbi lilimjia usoni, hakulifuta.

Halafu alisikia kijiko. Kwanza kiligonga sahani mara moja, kikanyamaza muda mrefu. Kikagonga tena. Kisha kikaanza kwenda, bila haraka, na mwishowe akasikia kikikwangua pembeni, kama kinavyokwangua mtu asiyetaka kuacha hata mchuzi.

Hakugeuka. Gari alikuwa nalo yeye.